Nilipoitwa Faye: Kuwafundisha Waaustralia Kubeti Pande Mbili

Neema, uliponiomba niwaandikie wewe na wenzako mnaovaa hedseti kazini, najua ulitarajia habari za wateja wakali na namna ya kulinda koo. Hayo yatakuwepo. Lakini kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, ile niliyoifanya Mansfield, Texas, kuanzia 2017 mpaka mlango ulipofungwa 2020, sijawahi kuitaja kanisani kwa jina lake. Nilisema niko "kampuni ya kulinganisha bei", na watu wakaridhika. Mzee mmoja wa kanisa akaniomba nimtafutie tiketi nafuu ya kwenda Kilimanjaro, nami kwa kuona haya kumkatalia nikamtafutia, na ikawa nafuu kweli.

Basi, kazi yenyewe ni hii: nilikuwa nawafundisha Waaustralia kubeti.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kazi za kawaida. Moshi nilikuwa karani wa benki. Marekani nimewaogesha wazee, nimepanga viatu ghalani Mesquite, na magoti yangu yakanisomea risala ya kuniaga kabla mimi mwenyewe sijafikiria kuondoka. Tangazo lililonivuta lilitaka mtu mvumilivu, asiyeogopa hesabu, anayeweza kufanya kazi jioni. Halikutaja kubeti popote. Nikadhani ni bima.

Ofisi ilikuwa katikati ya daktari wa meno na duka la kuuza uzio. Siku ya kwanza nilipokelewa na Dale, Mtexas mrefu mwenye viatu vya ngozi, ambaye ujana wake aliutumia kunadi ng'ombe mnadani. Ndiye aliyenifundisha kazi yote, na ualimu wake ulikuwa mzuri kuliko kazi yenyewe. Aliniuliza jina. Nikamwambia Foibe. Akalijaribu mara mbili tatu kama mtu anayetafuna mfupa, kisha akasema wateja wa simu hawana muda wa jina kama hilo, nichague jepesi. Nikasema Faye. Akaliandika kwenye karatasi ya gundi akaibandika juu ya skrini yangu. Niliona ni jambo dogo. Hata mwajiri wangu wa kwanza hapa alikuwa akiniita Phoebe.

Ukutani kulikuwa na saa tatu: ya kwetu, ya Sydney na ya Perth. Sisi tukianza zamu jioni, wao ndiyo kwanza wanachemsha maji ya chai, na siku yao ni ya kesho. Mezani nilikuwa na skrini mbili, hedseti yenye sponji iliyochakaa, na programu iliyokuwa ikisoma bei za kampuni za kubashiri za kule na kuzipanga upande kwa upande. Pale bei zilipopishana kiasi cha kuleta faida paliwaka kijani, na hicho kijani ndicho tulichowauzia wateja. Jambo la kuchekesha ni kwamba huku kwetu Texas kubeti michezo mtandaoni hakuruhusiwi, kwa hiyo sisi walimu hatukuweza kujaribu hata mara moja. Nilikuwa kama mpishi wa kitimoto ambaye dini yake haimruhusu hata kuonja mchuzi.

Kazi yenyewe ilikuwa kumwanzisha mtu. Ninaieleza kwa namna nilivyowaeleza wao, maana ukielewa hapa utaelewa na mengine. Kuna mechi ya tenisi, wachezaji wawili. Kampuni moja inasema ukibeti kwa wa kwanza, kwa kila dola nitakulipa mbili na senti kumi. Hiyo ndiyo odi. Kampuni nyingine inasema maneno hayohayo kuhusu wa pili. Wewe unaweka dola mia huku na mia kule. Umetoa mia mbili. Ashinde yeyote, unarudishiwa mia mbili na kumi. Hujabahatisha, umenunua nyanya soko moja na kuziuza lingine. Hiyo ya nyanya ni yangu mwenyewe. Dale aliipenda akaiweka kwenye mwongozo, na mpaka kampuni inafungwa, Waaustralia walikuwa wanaanza na nyanya za mama wa Kipare.

Niliishikilia sana hiyo hoja. Nyumbani miaka ile vijana walikuwa wanachana mikeka, yaani tiketi zao za kubeti, kila wikiendi, wachungaji wanapiga kelele madhabahuni, na mtoto wa dada yangu alikuwa ameshauza mpaka kitanda. Nikajiambia, yale ni mengine. Haya ya kwangu hayana bahati ndani yake, na pasipo na bahati hapana kamari. Nilijiambia hivyo nikiendesha gari barabara kuu namba ishirini kutoka Mesquite kila siku, na ukijiambia jambo barabarani kila siku unaliamini.

Lakini hakuna nyanya zisizooza. Ndiyo sehemu ya kazi niliyoipenda, na ndiyo iliyonifanya niwe hodari, Mungu anisamehe. Anayeanza hukosea mahali palepale. Anaweka upande wa kwanza, halafu anakwenda kujimiminia kahawa, akirudi bei ya upande wa pili imeshashuka na ameachwa akining'inia. Au anaona odi nene ajabu, anaikimbilia, kumbe kampuni iliiandika kimakosa. Baadaye wanaufuta mkeka huo, naye anabaki na ule mwingine peke yake. Au anapoweka anaandika dola themanini na saba na senti thelathini na moja, kama programu ilivyomwambia. Dale alikuwa anapiga meza: nani duniani anabeti senti thelathini na moja? Weka tisini, uonekane mlevi kama wengine. Na mechi ikishaanza, kule kwao huruhusiwi kubonyeza tena, mpaka upige simu, kwa hiyo ukichelewa umechelewa.

Nilikuwa na mteja mmoja, mwalimu mstaafu, karibu na Adelaide. Mtu mpole, akizungumza unasikia ndege nyuma yake. Alifuata kila nilichomwambia: tenisi, pande mbili, namba za kilevi. Katikati ya mechi mchezaji mmoja akashikwa na misuli akajitoa. Kampuni ya kwanza kanuni yake ilikuwa kwamba seti moja ikiisha, aliyebaki ndiye mshindi, kwa hiyo pesa aliyomwekea aliyejitoa ikaenda. Kampuni ya pili, ambako alimwekea aliyebaki, kanuni yao ni mechi iishe ndipo walipe, kwa hiyo wakamrudishia mtaji wake, bila faida. Mwalimu wa watu akapoteza mia nzima kwenye jambo nililomwambia halina bahati. Hakunitukana. Aliniuliza tu, taratibu: "Kwa hiyo Faye, hii ni kamari au si kamari?" Nikamwambia sijui niseme nini, na hilo likawa jibu langu la kweli la mwisho kwa muda mrefu. Dale alinisikilizisha rekodi ile kesho yake. Akasema: soma kanuni za mchezaji kujitoa kabla hujasoma bei. Mimi wala sikusikia somo. Nilikuwa nasikiliza wale ndege.

Kitu kingine ambacho mwongozo wetu ulikiweka ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kupofua, ni hiki. Kampuni za kubashiri hazipendi mtu asiyepoteza. Wakikugundua wanakubana: jana ulikuwa unaweka mia, leo wanakuruhusu dola mbili. Ukifundishwa vizuri, unabanwa mapema. Kwa hiyo mwanafunzi wangu hodari ndiye aliyekuwa wa kwanza kunirudia akiuliza, nifanyeje sasa? Na kilichobaki cha kufanya kilikuwa kimoja tu, kubeti kwa jina la mtu mwingine, jambo ambalo kampuni zile zinalikataza. Sisi tulijua wateja wanalifanya. Tulikuwa na sentensi moja ya kulijibu, Dale aliibandika chini ya jina langu la Faye: samahani, hatuwezi kushauri kuhusu hilo. Unaisema, unanyamaza, unauliza kama kuna lingine.

Hapo nirudi nyuma kidogo. Nilipoingia nchi hii nilifikia Alief, Houston, sikuwa na karatasi za kumridhisha mtu. Mama mmoja Mkongomani, Mama Sifa, tuliyekutana naye kwenye duka la unga na dagaa, ndiye aliyeniazima jina lake. Umeme wangu ulisoma Sifa. Simu yangu ilisoma Sifa. Wanaosema hilo ni kosa hawajawahi kukaa gizani na watoto. Huku ugenini watu wetu wanaazimana majina kama nyumbani tunavyoazimana chumvi, na anayeazimisha haulizi la kwenda kufanyia, maana kuuliza ni kumwambia mwenzio humwamini. Lakini aliyeazimwa naye ana wajibu wake: hulipeleki jina la mtu mahali ambapo mwenyewe asingeingia. Mama Sifa hakunifundisha hilo kwa maneno. Kila bili ilipokuja nilikuwa nampelekea risiti ya malipo, hata kama hakuitaka, na nilipopata karatasi zangu nilimpelekea na keki.

Sasa nifike kwa Moraa. Alikuja mwaka 2018, nesi Mkenya anayeishi Perth, zamu za usiku hospitali, akili kama wembe. Simu yake ya kwanza nilitamka sentensi mbili akanikatiza. "Hebu, sorry, that accent. Wewe ni wa wapi? Ni kama we ni wa home!"

Neema, mimi nimekulia Same, nimeimba kwaya kwa Kiswahili tangu sijaota meno ya pili. Na nilimjibu kwa Kiingereza kwamba samahani bibie, sikukupata vizuri, mimi niko Texas.

Nitakueleza sababu, uzipime mwenyewe. Simu zilirekodiwa, na amri ilikuwa Kiingereza tu ili wakaguzi waelewe. Hiyo ni sababu ya ofisini. Sababu yangu ni kwamba dunia ya Waswahili ni kijiji. Nesi wa Perth hakosi binamu hapa Arlington, na binamu wa Arlington hakosi kukaa na mimi kwenye sherehe ya kipaimara. Leo niseme natoka Same, Jumapili wananiuliza kampuni yangu inalinganisha bei za nini hasa. Nikaogopa. Jina nililokuwa nimebadilisha kwa kurahisisha sasa likawa la kujifichia.

Moraa akacheka, akamwambia mtu aliyekuwa karibu naye, "Zii, si wetu. Huyu ni Mnaija." Mimi, Mnigeria! Nikajifanya sikusikia. Kujifanya husikii lugha yako ni kazi ngumu kuliko unavyodhani; shingo inataka kugeuka yenyewe.

Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwa nao. Alisoma kanuni za mchezaji kujitoa kabla sijamwambia. Aliweka namba za kilevi. Alinipigia asubuhi zake akitoka zamu, mimi jioni yangu, na kwa kuwa aliamini sielewi, alikuwa akiniweka kwenye spika huku akizungumza na watu wake nyumbani. Nikajua maisha yake yote. Nikajua amepanga nyumba moja na wanawake wawili wa kanisani kwake, wakimbizi kutoka Kongo. Mmoja alikuwa mtu mzima, Mama Zawadi. Zawadi mwenyewe, bintiye, alikuwa bado kambini Uganda, na mama alikuwa ameshaingiza maombi ya kumleta. Nilimsikia akisema mara nyingi, kwa Kiswahili chao kile kizito, kwamba pale uhamiaji hawataki doa, majina yenu lazima yawe safi. Alikuwa akilisema hilo anapopika, na anapokunja nguo. Sijui kama kuna jambo alilolisema zaidi.

Mwaka 2019 Moraa akabanwa. Kampuni moja, halafu nyingine, halafu zote alizokuwa nazo. Akanipigia akiwa na hasira, akaniuliza kwa Kiingereza kama anaweza kuendelea kwa jina la mtu wa nyumbani. Nikaangalia karatasi ya Dale nikamsomea: samahani, hatuwezi kushauri kuhusu hilo. Kisha nikamsikia akigeuka.

"Mama Zawadi, ile passport yako iko wapi? Naomba tu kuandika jina lako mahali. Ni kama chama. Jina inakaa tu pale, haina shida."

Na sauti ya mama ikajibu kwa mbali, "Iko mu kabati. Twala tu, mwanangu."

Twala tu. Chukua tu. Hakuuliza la kwendea, kama Mama Sifa alivyoniazima. Nami, mtu pekee katika simu ile aliyejua kwamba si chama cha kuchangiana pesa, na kwamba mama yule asingeingia mahali pale hata kwa kuvutwa, nikavuta pumzi nikauliza kwa Kiingereza kizuri kabisa: "Kuna lingine la kukusaidia leo?" Hakukuwa na lingine. Dale alinipa alama zote kwa simu ile. Alisema nimeshika kanuni bila kutetereka.

Sikukosea kazini, Neema. Ndicho kinachonichoma. Kama ningekuwa nimekosea ningesema nilipitiwa.

Wikiendi iliyofuata niliendesha mpaka Alief kununua unga. Nikamkuta Mama Sifa dukani, amezeeka, anachagua mihogo. Akanishika mikono, akauliza kazi inaendaje. Nikamwambia inaendelea. Akaniambia, "Miye nilisemaka, uyu atafika mbali." Nikaacha unga kaunta nikaenda kukaa kwenye gari, na mwanangu Amani, aliyekuwa amenisindikiza, akaniuliza kwa Kiingereza chao kama ninaumwa. Nikamwambia ni joto. Houston daima kuna joto, kwa hiyo ni uongo unaofaa mwaka mzima.

Miezi ikapita. Jina la Mama Zawadi likawa linafanya kazi nzuri kule Perth, Moraa ananipigia kuuliza hili na lile, mimi najibu. Nilijizoesha. Mtu huzoea mpaka harufu ya ghala la viatu. Mama Zawadi alikuwa bado anapika nyuma yetu, bado anasema majina yawe safi, na mimi nilikuwa nimejua kupunguza sauti ya hedseti anapoanza.

Mwanzoni mwa 2020, jioni moja, Moraa akapiga simu na sauti yake haikuwa ile. Kampuni ya kule ilikuwa imeizuia akaunti ya Mama Zawadi. Walitaka mwenye jina apige simu yeye mwenyewe, ajibu maswali: nani alifungua akaunti, nani anaweka pesa, simu ni ya nani. Moraa alitaka nimpe maswali wanayouliza, ili amfundishe mama majibu kabla ya kupiga. Aliomba kwa adabu. Alikuwa ameogopa, na nilimwonea huruma, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefundishwa vizuri.

Nikaangalia karatasi ya Dale. Kabla sijafungua mdomo nikawasikia.

"Ni maswali tu ya benki, mama," Moraa alikuwa anasema. "Wakiuliza nani alifanya, sema ni wewe. Basi. Wewe sema ni mimi nilifanya."

"Niseme ni miye nilifanya. Nilifanya nini?"

"Ah mama, wewe sema tu."

"Nitasema, mwanangu. Lakini wakiniuliza nilifanya nini, nitawaambia nini? Ile watu ya karatasi ya Zawadi wanasikilizaka simu."

Sikupanga. Ningekuwa nimepanga ningeanza na Moraa. Lakini adabu niliyolelewa nayo ndiyo iliyotoka kwanza, mdomo wenyewe ukasema: "Shikamoo, mama."

Nilisikia maji ya bomba yakifungwa.

"Nani huyo?" Moraa akauliza. "Faye?"

"Mama," nikasema, "usiseme ni wewe. Hukufanya. Jina lako limetumika kubeti. Ni kamari, mama, michezo ya kamari. Ukipiga simu, omba mkalimani, na waambie ukweli: niliazimisha jina langu, sikujua la nini. Wakikuuliza nani alikuambia useme hivyo, nitaje mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo ndani ya ofisi ile. Nilikuwa nimelikwepa kwa nyanya tangu siku ya kwanza.

Moraa akaongea polepole, kama mtu anayehesabu siku kurudi nyuma. "Kumbe unasikia Kiswahili."

"Nasikia."

"Since when? Ulikuwa unaniskia tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mimi ni wa Same."

Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa. Akasema kitu kimoja tu. "Si ungeniambia, dada. Siku ile ya passport. Ungesema tu na Kiswahili, 'wacha'. Ningeacha." Na nikajua kwamba ni kweli, angeacha. Mtu wa kwao akimwambia wacha, angeacha. Alikuwa ameniuliza kama anayeuliza mashine, na mimi nilimjibu kama mashine.

Halafu Mama Zawadi akaichukua simu. Nilisikia pumzi yake karibu.

"Mwanangu. Weye ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Na wakati nilikuwa nasema juu ya mutoto yangu, ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Byote?"

"Yote, mama."

Nikamwomba msamaha, nikaumwaga wote kwa wakati mmoja kama mtoto aliyevunja sahani. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Akauliza, "Jina yako ni nani? Ile ya kweli. Miye yangu munayo tayari."

Nikamwambia. Foibe. Kwenye simu iliyorekodiwa, chini ya karatasi iliyoandikwa Faye.

"Foibe," akasema, na alilitamka sawasawa mara moja, jina ambalo Dale alilitafuna akalitema. "Ya Biblia hiyo. Muzuri. Asubui tunaombaka hapa, kila mutu na jina yake. Nitakuweka na weye, pamoja na Zawadi." Kisha akamrudishia Moraa simu, na Moraa akakata.

Dale aliitoa rekodi ile kwa ajili ya kuipa alama. Aliisikiliza mara mbili, haelewi neno. Akaniita ofisini kwake, akauliza nilimwambia nini mteja. Nikamwambia, nilimtajia jina langu. Alinitazama muda, huyu mtu aliyewahi kuuza ng'ombe elfu bila kumtazama hata mmoja machoni. Akaacha nafasi ya alama wazi, hakuandika kitu. Sijui kama ilikuwa heshima au uvivu. Kwa vyovyote, baada ya muda mfupi ugonjwa ukaja, michezo ikasimama dunia nzima, skrini zetu zikakosa kijani, na kampuni ikafunga mlango. Sikuagwa. Nilibandua karatasi ya Faye nikaitia kwenye pipa la maegesho.

Moraa alinitumia ujumbe mmoja mfupi kabla mfumo haujazimwa. Mama alipiga simu, alikuwa na mkalimani, alisema ukweli, akaunti imefungwa. Pesa iliyokuwa ndani hakuitaja na mimi sikuuliza. Kuhusu Zawadi, hakuna neno. Sijui kama alifika. Nimetamani kujua kuliko ninavyotamani mambo yangu mengi, lakini nilikwisha kusikiliza habari zao bila ruhusa vya kutosha.

Basi, wadogo zangu, ya kuwafaa ni haya. Kunyweni maji ya vuguvugu, koo haliendi na barafu. Badilisheni sponji ya hedseti, mwajiri hatabadilisha. Someni kanuni kabla ya bei. Na mkisikia mtu wa kwenu nyuma ya simu anatoa kitu chake bila kuuliza, msimsomee karatasi.

Siku hizi nimekaa nyumbani Mesquite, nimestaafu kweli sasa, magoti yamepata haki yao. Wateja wamenitukana kwa Kiingereza cha kila namna na sikumbuki hata tusi moja. Lakini jioni nikiosha vyombo, nikitazama saa ya jiko, najua kule Perth kunakucha. Wanakaa, wanaanza kuomba, kila mtu kwa jina lake. Na mimi huweka sahani chini, nasimama pale mikono ikichuruzika maji, maana Mama Zawadi anafika kwenye jina langu.